Siku Walipokuja Kutazama Hali Yetu

Bi Tausi alipofariki, wanawe walikubaliana kwamba waliowahi kuazima chombo kwake wapewe kimoja cha kumkumbukia. Ilikuwa kauli ya mzaha, maana mtaa mzima wa Kanyenye tuliwahi kuazima. Baada ya hitma, wanaume wakiwa barazani wanakunywa kahawa, binti yake mkubwa alitoa kabatini vikombe vya kauri, vyeupe, vyenye jani la kijani ubavuni, akavipanga juu ya mkeka katikati yetu wanawake. Vilikuwa vimebaki vinne. Mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa ameingia kwa basi kutoka Igunga, alichukua kimoja, akakigeuza, akatazama kitako chake, akatabasamu. "Dada," akaniambia, "hivi si ndivyo vya siku ile ya pilau?" Ni mwanamke wa miaka sitini na zaidi, ana wajukuu, lakini alisema "siku ile ya pilau" kama mtoto anavyoitaja sikukuu. Nikasema ndivyo. Kisha nikainuka kwenda uani kuosha masinia, ingawa hakuna aliyenituma, kwa sababu siku ile ya pilau ndiyo siku niliyoikimbia tangu nikiwa na miaka kumi na nane.

Wazazi wetu walikuwa wametangulia wote wawili. Hilo nalisema mara moja na kuliacha, maana mwaka ninaotaka kuueleza haukujaa huzuni yao. Ulijaa chumba kimoja chenye ukumbi mdogo mbele, bati lililotoboka pembeni tukaliziba kwa lami, kitanda cha kamba tulicholala wawili, na mtungi uliosimama juu ya matofali mawili. Asubuhi tulikunywa uji. Jioni tulikula ugali na mlenda, na siku nyingi za kiangazi tulichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo watu wa vijijini walivileta sokoni kwa magunia; tulivichanganya na karanga zikipatikana. Zuhura alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa na tabia ya kusoma chochote kilichoandikwa: karatasi ya kufungia chumvi, maandishi ya gunia, kipande cha gazeti tulichobandika ukutani kuzuia upepo. Kipande kile alikisoma mara nyingi hata akawa anajibizana nacho. "Leo tena wanasema tujitegemee," alikuwa akiniambia, kana kwamba gazeti limebadilika tangu jana.

Mimi nilikuwa nakaa barazani kwa Fundi Kassimu, fundi cherehani, natoboa na kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Yeye alikata na kupiga cherehani; matundu yalikuwa yangu. Kanzu, mashati ya makarani, na ikikaribia kufunguliwa kwa shule, mashati meupe ya wanafunzi, marundo kwa marundo. Shule niliiacha darasa la tano, baada ya muhula mmoja. Muhula ule nilisamehewa ada, kwa kuwa msiba ulikuwa bado mbichi, na ninaukumbuka kwa jambo moja tu. Kila Jumatatu mwalimu wa darasa alikuwa akiita: "Wenye msamaha wasimame." Tulikuwa wanne. Tulisimama, akatuhesabu, akatuambia tukae. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alitakiwa kupeleka idadi mahali. Lakini msichana wa dawati la nyuma yangu alianza kuniita mtoto wa sadaka, na jina likanikaa. Nilipoacha shule nilisema ni kwa ajili ya kumlea mdogo wangu, na watu wakanisifu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba nilifurahi kutosimama tena.

Zuhura alimaliza darasa la nne akawa wa kwanza. Wakati ule kupita la nne kwenda la tano haikuwa kwa kila mtoto. Nafasi zilikuwa chache, na ada ya madarasa ya juu kwa watu kama sisi ilikuwa matundu ya miezi mingi. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe barazani kwa Fundi. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama akiangalia mikono yangu.

"Mdogo wako amechaguliwa," akasema.

"Nimesikia, Mwalimu. Ada sina."

"Ndiyo nimekuja kwa hilo. Kuna msamaha kwa watoto wasio na uwezo. Fedha ni kidogo na watoto ni wengi, kwa hiyo safari hii kamati inapita nyumba kwa nyumba kutazama hali. Jina la Zuhura nimeliweka juu kabisa. Mtembelewe tu, mseme ukweli, basi."

Fundi Kassimu, mdomo umejaa pini, alisema kwa pembeni, "Mwalimu, hii hali yao hata kipofu anaiona." Tukacheka sote watatu. Nimekikumbuka kicheko kile mara nyingi. Ilikuwa imebaki kazi ya kukaa tu, watu waje, watazame.

Siku mbili baadaye, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sefu, mume wa Bi Tausi, alipita kutuarifu. "Alhamisi saa nne mtapata wageni," akasema. "Watatu, na mimi wa nne." Hakusema kamati. Alisema wageni, na mkewe aliyekuwa akipepeta mchele ukumbini kwao, mlango kwa mlango na sisi, aliacha ungo.

"Watakaa wapi?" akaniuliza.

"Kwenye mkeka wetu, Bibi."

"Ule wenye tundu? Diwani akae kwenye tundu, mwanangu, atoke na alama?"

"Bibi, wanakuja kutazama umaskini."

"Si una mdomo? Utawaambia. Lakini huwezi kumwambia mtu shida zako hajanywa hata maji. Ataona hukulelewa. Na wewe ukisemwa hukulelewa, anasemwa marehemu mama yako."

Kwetu Tabora mtu anayeijua mitaa ile ya zamani hatashangaa. Chumba kikipata wageni, mtaa mzima unakipamba. Huyu analeta busati, yule sinia, yule mto wa kuegemea, na wageni wakiondoka kila kitu kinarudi kwao kimyakimya. Nimeona harusi nzima ikifanyika kwa vyombo ambavyo hata kijiko kimoja si cha mwenye nyumba. Hakuna aliyeliita jambo hilo udanganyifu. Hata mgeni alijua, maana kwake nako ni hivyohivyo. Bi Tausi alinipa busati lake jekundu, vikombe sita vya jani la kijani, birika na jogoo mmoja. Mchele niliununua mwenyewe, mchele wa Igunga, kwa pesa ya chakula cha wiki. Kwa vyombo vya Bi Tausi naweza kuisingizia desturi, na katika miaka yote hii nimeisingizia.

Redio siwezi. Redio hakuna aliyeniambia. Jumatano mchana niliinua kichwa katika matundu yangu nikaiona pale juu ya rafu ya Fundi, ya mbao, yenye kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Fundi, niazime redio yako kesho mpaka adhuhuri."

"Umepata mchumba?"

"Nina wageni."

"Wageni gani wanaosikiliza redio? Haya, chukua. Lakini betri zinabaki hapa. Wewe nakujua, utacheza taarabu mpaka zife."

Niliibeba nimeifunika kanga. Niliiweka juu ya sanduku la nguo, nikaifunikia kitambaa kilichodariziwa, kisha nikakikunja kitambaa nusu ili ionekane. Nilikaa mlangoni nikakitazama chumba chetu, busati jekundu, vikombe, redio, na sijui nieleze vipi. Nilijisikia kama mtu aliyepona. Nilimwita Zuhura. Nilikuwa nimemfulia gauni lake na kumsuka mistari midogo.

"Wakikuuliza chochote, vyombo ni vyetu," nikamwambia.

"Vyote?"

"Vyote."

"Na redio?"

"Na redio."

Akafikiri. "Kwani hawaji kwa ajili ya ada?"

"Fanya nilivyokwambia." Alifanya. Alikuwa mtoto wa kufanya alivyoambiwa.

Walifika saa nne na nusu. Diwani, mtu mnene mwenye kicheko, aliyevaa kaptula na soksi ndefu, Bibi Maendeleo wa wilaya, mama kijana aliyeshika daftari na kalamu mbili, mwalimu mkuu, na nyuma yao Mzee Sefu na kofia yake ya kiua. Walivua viatu. Diwani alilikanyaga busati na kusema, "Ahaa, hapa tumefika!" Harufu ya pilau ilikuwa imewatangulia mlangoni. Niliwapa maji ya kunawa, nikawapakulia, Zuhura akawamiminia kahawa bila kumwaga tone. Mzee Sefu alipopokea kikombe alikitazama. Kilikuwa chake. Alikuwa amekalia busati lake, analishwa jogoo wake, ananyweshwa kwa kikombe chake, na alichofanya ni kusema "Bismillahi" na kunywa. Jicho lake lilinitazama kwa juu ya kikombe. Nililielewa jicho lile. Lilisema: haya, wameshakunywa, sasa sema.

Mwalimu mkuu naye alinifungulia mlango wa kusema. "Mwanaidi," akasema taratibu, "hali ikoje hapa nyumbani?"

"Nzuri, Mwalimu. Tunamshukuru Mungu."

"Nauliza hali ya maisha. Ninyi ni yatima. Mnaishije?"

"Tunaishi kama mnavyotuona."

Bibi Maendeleo akaangaza macho chumbani akaona kama nilivyotaka aone. Mwalimu akashusha macho kwenye sahani. Diwani, ambaye nadhani alikuwa amechoka na nyumba za huzuni tangu asubuhi, alinyoosha mkono akazungusha kitufe cha redio. Kimya. Akazungusha tena, akaigonga kwa kidole.

"Mbona haisemi?"

Mimi nilikuwa nimeinamia birika. Hapo ndipo Zuhura, aliyesimama mlangoni na jagi la maji, akasema kwa sauti safi ya darasani, "Betri zimekwisha, mzee. Dada atanunua nyingine kesho."

Diwani akacheka. "Kesho! Kwangu mimi redio imekaa mwezi mzima inangoja betri." Bibi Maendeleo naye akatabasamu, akaandika. Nakumbuka mlio wa kalamu yake. Hayakuwa maandishi marefu, mstari mmoja labda. Walipokuwa wanavaa viatu diwani alinishika bega. "Binti, Mungu akuzidishie. Nyumba nyingine leo hata maji ya kunywa hatukupewa." Nami nikajibu, "Karibuni tena."

Walipopinda kona nilimkumbatia Zuhura. Nilimwambia, "Umejibu vizuri sana," nikampa ukoko wote wa sufuria na kipaja kilichobaki. Alikula ukumbini amenyoosha miguu, anaimba. Kisha nikamtuma arudishe vikombe kwa Bi Tausi, vitatu, halafu vitatu, visije vikagongana.

Alasiri Mzee Sefu alikuja. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watoto wa mtaa.

"Mwanangu, umefanya nini?"

Nilianza kulikunja busati lake.

"Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini nikisema mimi, 'kikombe hiki changu, na hicho changu,' nimekuvua nguo mbele ya watu, ndani ya nyumba yako. Siwezi kufanya hivyo kwa mtoto wa rafiki yangu. Ila wewe unaweza kujisemea. Kamati inakaa Jumatatu pale boma, asubuhi, mwenye neno anasikilizwa. Nenda. Sema vyombo ni vya kuazima. Hawatakula nyama yako."

"Nitakwenda, Balozi."

Nilikwenda. Hili mtaa mzima ulilijua, kwamba nilikwenda. Nilitoka baada ya uji, Zuhura akanisindikiza mpaka njia kuu, akanipungia mkono mpaka nikapotea. Kwenye varanda ya boma kulikuwa na watu kama ishirini, wengi kutoka vijijini, wamekaa wameegemea ukuta, viatu vya matairi vimejaa vumbi. Wazee wawili waliamkiana "mwangaluka" na kuulizana habari za mvua. Mlango ulikuwa wazi, meza iko karibu na mlango, na karani aliyekaa pale alikuwa mzito wa masikio. Hiyo ndiyo shida yote. Kila aliyeitwa alisimama mlangoni akaeleza, na karani akasema, "Kwa sauti! Sisikii!" akaeleza tena, na varanda nzima ikasikia.

Mbele yangu alikuwa mtu mmoja kutoka Puge, mrefu, shingo nyembamba, shati limeshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine. Niliiangalia ile mishono, kwa kazi yangu, nikaona imeshonwa na mtu asiyejua kushona, labda yeye mwenyewe. Alipoitwa alisimama wima.

"Una nini nyumbani?" karani akauliza.

"Sina kitu."

"Kwa sauti!"

"Sina kitu!" Akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Ng'ombe walikufa wote. Mbuzi sina. Pamba mwaka huu imeungua na jua. Nina jembe, nina mke mgonjwa, nina binti ana akili. Huyo binti ndiyo nimemleta kwenu."

Mmoja wa wazee akasema kwa Kinyamwezi maneno ya kumtia moyo. Yule mtu alitoka akiwa ameinua kichwa, akakaa chini palepale alipokuwa, akafungua kifurushi chake akaanza kula viazi. Hakuonekana kama mtu aliyevuliwa nguo. Nilimtazama nikijaribu kuona aibu iko wapi, sikuiona. Kisha nikasikia, "Anayefuata!" na aliyefuata nilikuwa mimi. Nilisimama. Nilijiona kwenye dawati lile Jumatatu, tuko wanne, tunahesabiwa. Niliona pia, upande wa kushoto wa varanda, mama mmoja wa Kanyenye ninayemfahamu kwa sura tu, amekuja kwa shughuli zake, ananitazama. Basi, ni hilo tu. Mama ambaye hata jina lake silijui. Nilimwambia karani, "Nimekosea mlango," nikashuka ngazi.

Nilizunguka sokoni mpaka jua likasimama utosini. Niliporudi, Zuhura alikuwa kizingitini.

"Wamesemaje?"

"Nimewaeleza kila kitu," nikasema. "Wamekataa."

Hakulia. Aliuliza, "Hata ulivyowaambia kuhusu redio?" Nikasema hata hivyo. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima, akaenda kuchuma mlenda. Mzee Sefu nilimwambia maneno yaleyale, naye alikasirika kweli. Mpaka anakufa alikuwa akisema barazani kwamba watu wa boma walimkosea yatima hata alipokwenda kuungama. Sikumsahihisha. Kila aliposema, watu walinitazama kwa huruma, na mimi niliinamisha macho, na kuinamisha kule kukahesabiwa uvumilivu. Mwalimu mkuu alinijia mara moja tu, akasema nafasi imeshapewa mtoto mwingine, wa vijijini, na kwamba yeye alikuwa peke yake dhidi ya wawili. "Lakini mngekuja kusema," akaniambia. Sikujua kama ana habari au hana. Nilikuwa nashona tundu, nikaendelea kushona.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa na rundo la mashati meupe mpaka kidevuni. Zuhura alikaa pembeni yangu, nikamfundisha tundu la kwanza: pima kwa kifungo chenyewe, kata mara moja bila kurudia, shona kuelekea kwako. Siku ya tatu matundu yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Watoto walipita mbele ya baraza wamevaa tulivyoshona, naye alikuwa akiwatambua. "Lile shati tundu la pili nimeshona mimi," alisema. Nikavuta shati jingine kwenye rundo. Alipofika miaka kumi na saba aliolewa Igunga, na mtu wa majaruba ya mpunga, mtu mpole, nikafurahi kwa ajili yake na kwa ajili yangu, maana nyumba ilipungua mtu wa kutazamana naye. Akiwa na mtoto mgongoni, serikali ikafuta ada za shule za msingi. Nilisikia kwenye redio ileile ya Fundi, safari hii ikiwa na betri. Fundi akapiga makofi. Nilikwenda nyuma ya duka nikakaa juu ya majora ya vitambaa mpaka aliponiita. Huko Igunga Zuhura akawa ndiye anayewasomea majirani barua na karatasi za dawa, na kampeni ya elimu ya watu wazima ilipofika akafundisha jioni, kwa darasa lake la nne. Watu wakimsifu mbele yangu, husema, "Angesoma huyu!" Nami husema, "Ndiyo, angesoma."

Nilikuwa bado uani, mikono ndani ya povu, Zuhura aliponifuata na kikombe chake. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama nikisugua sinia lililokwisha kutakata.

"Dada, nina neno. Nimelibeba siku nyingi, na sasa Bi Tausi ametutoka, nikasema nilitue." Alikizungusha kikombe mapajani. "Yale maneno ya betri. Niliyasema mwenyewe. Hukunituma. Ulinituma niseme redio ni yetu, lakini 'dada atanunua nyingine kesho' nilitunga mimi, nikajiona hodari. Yule mama akaandika palepale. Niliiona kalamu. Nimejua tangu siku ile kwamba shule yangu niliifunga mwenyewe kwa mdomo wangu. Na wewe ukaenda mpaka boma kunitetea, ukajidhalilisha mbele ya watu, wakakataa, na hukunigombeza hata siku moja. Hata siku moja, Dada. Nimewaambia wanangu: hamjamwona mtu mwema kama mama yenu mkubwa."

Sinia liliniponyoka. Nimesema kwamba niliikimbia siku ile kwa miaka hamsini na zaidi. Nilidhani najua ninachokikimbia. Nilidhani nimemnyima shule. Sikujua kwamba nilikuwa nimempa mtoto wa miaka kumi na mmoja hatia yangu aibebe, na yeye akaibeba mpaka Igunga, akazaa nayo, akazeeka nayo, akinishukuru.

Nilimwambia. Nilimwambia habari za karani mzito wa masikio, mtu wa Puge na shati lake, mama wa Kanyenye asiye na jina, ngazi, soko. Nilisema, "Sikuwaeleza kitu. Nilisema nimekosea mlango." Sikusema kwa mpangilio huu, nilisema kwa kurudirudi, na maji ya sabuni yakinichuruzika viwikoni. Zuhura hakunikatiza. Nilipomaliza alikizungusha tena kikombe mapajani. Barazani wanaume walikuwa wanacheka jambo fulani.

"Yule mtu wa Puge," akasema hatimaye. "Binti yake alipata?"

"Nadhani yeye ndiye aliyepata nafasi yako. Mwalimu alisema mtoto wa vijijini."

"Alhamdulillahi." Akakiweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Sikuwahi kuuona hivyo, hata utotoni. "Sema sasa," akasema.

"Niseme nini?"

"Ulichokwenda kusema. Nataka kukisikia."

Wasichana wanne wa mtaani walikuwa wanasuuza sufuria bombani, na binti wa Bi Tausi alikuwa anatoka na kapu la sahani. Nilisema kwa chini, "Zuhura, watu hawa..."

"Kwa sauti," mdogo wangu akaniambia. "Karani hasikii."

Nikasimama. Magoti yangu siku hizi hayanyooki vizuri, lakini nilisimama wima. Nikasema, "Vikombe si vyetu! Busati si letu! Redio si yetu, haina hata betri! Hatuna kitu! Nina mdogo wangu, ana akili, mpeni shule!" Wasichana waligeuka wote. Mmoja aliziba mdomo asicheke, akidhani ni uzee. Binti wa Bi Tausi alisimama na kapu lake, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akapita polepole.

Zuhura alikuwa analia bila kujifuta. Baadaye alinawa uso, akanisaidia kumaliza masinia yaliyobaki, tukayapanga ukutani yakauke. Hatukuongea tena juu ya jambo lile. Aliondoka na basi la saa nane. Kituoni aliniaga kama anavyoniaga siku zote, kwa "Shikamoo, Dada," nami kwa mara ya kwanza nikashindwa kuitikia marahaba, nikamshika mkono tu mpaka kondakta akapiga bati. Hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Kikombe chake hakuondoka nacho. Nilikikuta dirishani kwangu jioni ile, amekiosha, amekifuta, amekigeuza kitako juu, kama kinavyowekwa chombo kinachongoja kurudishwa kwa mwenyewe.